Kuvuta kamba kuonyesha kutegeana: mizani ya kilo 50 inatosha?

mwalimu_wa_jioni

Assalaam alaykum. Nina vijana 24 wa kidato cha pili, wasichana 13 na wavulana 11, skuli ya upande wa Wete. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri napata nao saa moja na nusu uwanjani. Mada ya mwezi huu ni tabia ya mtu akiwa peke yake na akiwa kundini. Kueleza kwa chaki nimeshachoka, na wao wamechoka zaidi. Nataka wacheze, wapime, kisha wajadili kwa namba walizozitoa wenyewe.

Nimefikiria kuvuta kamba: avute mmoja mmoja tuandike kilo, halafu wavute wanane pamoja, tulinganishe na jumla yao. Ikipungua, kuna waliotegea. Nina kamba ya nailoni ya mashua, mizani ya ndoano ya kilo 50 ya kuazima sokoni, minazi ya kutosha na simu moja. Inatosha? Na kuna mchezo gani mwingine unaokaa vizuri na huu?

fundi_wa_kamba

Wa alaykum salaam mwalimu. Wazo zuri, lakini ukilifanya kama ulivyoliandika utapima vitu viwili kwa pamoja na vyote utaviita kutegea.

Jaribio hili ni la zamani. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alilichapisha mwaka 1913. Akimhesabu mtu peke yake kuwa 100, wakiwa wawili kila mmoja alitoa 93, watatu 85, na wanane 49 tu. Ukiona 49 unasema basi nusu yao walikuwa wanajishikilia kamba tu. Siyo lazima. Wanane hawaanzi sekunde moja, hawasimami mstari mmoja, huyu anavuta wakati yule anajipanga mguu. Nguvu inapotea hapo hata kama kila mtu ana nia safi. Ringelmann mwenyewe aliegemea zaidi sababu hiyo.

Waliozitenganisha hasara hizo mbili ni Ingham na wenzake, Marekani, 1974. Walimfunga mvutaji macho, wakamweka wa mbele kabisa, wakamwambia kuna wenzake nyuma yake. Nyuma walikuwapo watu kweli, lakini walijifanya tu kuvuta. Anayevuta ni mmoja, kwa hiyo suala la kutokwenda pamoja halipo. Kikipungua kitu hapo ni nia. Na kilipungua: waliojijua wako peke yao walivuta kwa takriban asilimia 18 zaidi ya walipodhani wana wenzao.

Fanya hivyo. Na utazame uzuri wake: mvutaji ni mmoja siku zote, kwa hiyo huhitaji mizani ya kubeba watu wanane.

Kamba: nailoni iache kwenye mashua. Inavutika kama mpira, na ikikatika inarudi kwa kasi ya kumtoa mtu jicho. Tafuta ya katani au manila, unene sentimita 2.5 hadi 3, urefu mita 8. Asiizungushe mtu mkononi wala kiunoni.

Mnazi: funga usawa wa kiuno cha mvutaji, uweke gunia chini ya fundo. Ukifunga juu, atavuta kuelekea chini na uzito wa mwili utaingia kwenye hesabu. Mkarafuu usiuguse, mwenyewe atakuja na panga.

Mizani: kijana wa miaka 15 akikita miguu anaweza kuipita kilo 50, na springi ikishanyooka hairudi, utailipa. Azima kapi la ngalawa, lile gurudumu la kupitishia kamba. Kamba ya mvutaji ifungwe kwenye kapi. Kamba ya pili ipite ndani ya kapi, ncha moja ifungwe mnazini moja kwa moja, ncha nyingine ifungwe kwenye mizani, na mizani ifungwe mnazini. Kila upande unabeba nusu, kwa hiyo mizani ikisoma 28, mvutaji ametoa 56. Pande mbili ziende sambamba, zikipanuka kama mdomo wa faneli hesabu ya nusu haitakuwa sahihi. Kapi lipakwe mafuta, likikwama upande mmoja utabeba zaidi.

Kabla ya kuanza, ining'inize mizani na uipime kwa dumu la lita 20 lililojaa maji. Linatakiwa lisome 20 na uzito wa dumu tupu. Mizani ya sokoni ina tabia zake.

Halafu pitisha kamba ya akiba, legevu kidogo, kutoka kwenye kapi hadi mnazini bila kupita kwenye mizani. Ndoano ikifunguka, kapi halitaruka.

Uvutaji: sekunde 5 kila mara, kila mtu mara nne, mbili akijua yuko peke yake na mbili akidhani ana wenzake watatu. Kitambaa cha macho avae mara zote nne, maana ukimfunga kwenye kundi tu hutajua kilichompunguza ni kundi au giza. Nusu ya wavutaji waanze na “peke yako”, nusu waanze na “kundi”. Ukiwaanzisha wote peke yao, wa kundi watakuwa wameshachoka na utaita uchovu kutegea. Wapumzike dakika mbili kati ya mvuto na mvuto. Wavutaji wawili au watatu wapokezane, vinginevyo magharibi itakukuta na watu wanne.

Usisome pale mshale uliporuka juu kabisa, ule ni mshtuko wa kuanza. Weka simu irekodi uso wa mizani, kisha usome sekunde ya 3 hadi ya 5.

Mchanga laini haufai, kisigino kinazama kila mara kivyake. Tafuta ardhi ngumu, miguu mitupu, alama ya chaki pa kukita.

komwe_64

Hayo ya kamba yamekamilika. Mimi namjibu kwenye “mchezo mwingine”. Wachezeshe mfuko wa pamoja, kwa komwe za bao.

Makundi ya watu wanne, kila mtu komwe 10. Kwa siri kila mmoja anaamua atie ngapi mfukoni na abaki na ngapi. Unahesabu, unazidisha mara mbili, unawagawia wanne sawasawa, aliyetia na asiyetia. Wakitia zote ni 40, zinakuwa 80, kila mtu 20. Mmoja akificha zake na watatu wakatia zote: 30, zinakuwa 60, kila mtu 15. Yule mjanja ana 15 na zile 10 zake, jumla 25. Wakificha wote, kila mtu anabaki na 10 alizokuja nazo. Waache wagundue hesabu hiyo wenyewe, ndiyo somo.

Cheza raundi 10. Kwa kawaida watu huanza kwa kutia karibu nusu, kisha raundi kwa raundi zinashuka. Watoto wakiulizwa watasema “fulani ni mchoyo”. Hebu wasomee namba: mara nyingi wanaoshusha ni wale waliotia nyingi raundi iliyopita wakaona wenzao hawakutia. Hawakuanza na choyo, wameona wanafanywa wajinga.

Kuanzia raundi ya 6 ongeza faini: baada ya matokeo, unaweza kutoa komwe 1 yako ili mwenzako apoteze 3. Fehr na Gächter walionyesha mwaka 2000 kwamba faini inapandisha michango, na hiyo hesabu ya 1 kwa 3 waliitumia katika jaribio lao la 2002. Lakini usiwaahidi wanafunzi hivyo. Jaribio la 2008 katika miji 16 duniani lilionyesha kuwa mahali pengine watu waliwatoza hata wale waliochangia zaidi. Ikitokea kwako, usiwagombeze. Waulize kwa nini.

Yanayoharibika:

Komwe zinalia. Ukitumia kikapu au bati, watoto wa huku wamekulia kwenye bao, watahesabu kwa sikio zimeanguka ngapi na siri imekwisha. Tumia mfuko wa kitambaa, au kila mtu aandike namba kwenye kikaratasi na komwe zisogezwe na msimamizi.

Majina: tumia herufi A, B, C, D, na uzibadilishe kila raundi wakati wa faini. Herufi zikibaki zilezile, kisasi cha raundi ya 6 kitakwenda nao mpaka kwenye foleni ya bomba.

Usiwaambie raundi ya mwisho ni ipi. Wakijua, mwishoni zinaanguka ghafla. (Au waambie makusudi siku nyingine, ulinganishe.)

Na pesa usiweke kabisa, hata shilingi mia. Vitabu vinasema malipo halisi ndiyo yanayomfanya mtu acheze kweli, na chuo kikuu labda ni sawa. Skuli ya Pemba, mtoto akirudi nyumbani na kusema “leo tumeweka, mwenzangu amekula”, mzazi atasikia neno moja tu: kamari. Komwe zirudi zote kwenye mfuko wake.

ukhti_wa_maabara

Fundi, hapo pa kumfunga mtoto macho na kumdanganya ana wenzake nyuma, mwalimu asipite haraka hivyo. Mtu mzima ameridhia kuingia kwenye jaribio. Huyu ni mwanafunzi, akigundua wenzake walikuwa wanamwigizia anaweza kuona amechezwa shere mbele ya darasa. Na wasichana wasifungwe macho wakiwa na wavulana nyuma yao, hilo halihitaji kuelezwa.

fundi_wa_kamba

Ukhti kasema kweli, nilipita haraka.

Mwalimu, waambie wote mwanzoni: “leo kuna jambo moja sitalisema mpaka mwisho, asiyetaka kuvuta ataandika namba.” Asiyetaka asiulizwe sababu. Wasichana wawe na waigizaji wasichana, kitambaa cha macho juu ya mtandio. Aliyemaliza akae upande mwingine wa uwanja, asichanganyike na wanaosubiri, maana akinong'ona tu jaribio limekufa. Mwishoni wafichulie wote kwa pamoja siku hiyohiyo, msingoje Alhamisi ijayo. Kilo za mtu usizisome kwa jina. Soma tofauti: wangapi walishuka walipodhani wana wenzao.

Ukiwa na wavutaji 8 na wakashuka 7 au wote 8, hapo una neno. Sarafu ikirushwa mara 8 huleta matokeo hayo kwa nasibu mara 9 katika 256. Wakishuka 5 au 6 usitangaze kitu. Na inawezekana wasishuke: Karau na Williams, 1993, walikusanya tafiti 78 wakakuta kutegea kupo, ila ni hafifu zaidi kwa wanawake na kwa watu wa nchi za Mashariki. Hapo wasichana wako na wavulana wako wawekwe kwenye jedwali mbalimbali.

mwalimu_wa_jioni

Ahsanteni sana, kapi nimeshaahidiwa. Nikitaka kuepuka uongo kabisa, kuna njia? Na mvua za masika zikitufungia darasani?

ukhti_wa_maabara

Ipo: makofi. Latané na wenzake walitumia makofi na kelele mwaka 1979. Weka programu ya kupima sauti kwenye simu, iwe katikati ya darasa juu ya kitambaa kilichokunjwa. Wapigaji wasimame nusu duara, wote mita 3 kutoka kwenye simu, wapige kwa nguvu sekunde 5. Soma wastani, usisome kilele. Simu nyingi sauti kubwa sana huikata juu, kwa hiyo kama mmoja tayari yuko kwenye 90, rudini mita 5.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Watu wakiongezeka maradufu na kila mmoja akapiga vilevile, inapanda takriban 3. Mmoja akisoma 78, wawili watarajie 81, wanne 84, wanane 87. Hesabu hizo zichukue wapigaji wenye nguvu sawa, kwa hiyo wapime kwanza mmoja mmoja na mchague wanaokaribiana. Makofi pia hayahitaji kwenda pamoja kama kamba, kwa hiyo hasara nyingi itakayoonekana itakuwa ya nia.

Kisha rudia wanane walewale, ila safari hii mweke mwanafunzi mmoja mbele ya kila mpigaji, na daftari, amtazame yeye tu mikono, ili kila mpigaji ajue juhudi yake inaonekana. Linganisha na ile 87. Milango ifungwe mara zote au iachwe wazi mara zote, na mkisikia mvua inapiga bati simamisheni, hiyo peke yake inafunika makofi ya darasa zima.