Hukwe Zawose: tunamsikia Mgogo, tunalisikia taifa, au tunamsikia yeye mwenyewe?

Mkazi wa Tabata

Wanajukwaa, habari za jioni.

Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikimsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga ala wa Kigogo kutoka Dodoma, kila ninapokwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, na kadiri ninavyomsikiliza ndivyo ninavyozidi kutatizika. Mimi nimelelewa Ilala katika nyumba ya taarabu na muziki wa dansi, kwa hiyo masikio yangu yamezoea fidla, gitaa na tarumbeta. Muziki wa Wagogo ninauingia kama mgeni anayebisha hodi asijue mlango uko upande gani.

Ninazo rekodi zake tatu. Ya kwanza ni Tanzania Yetu ya mwaka 1985, ya pili ni Chibite iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Real World ya Uingereza mwaka 1996, na ya tatu ni Assembly ya mwaka 2002, ambayo aliifanya pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Katika ya kwanza na ya pili ninasikia ilimba (sanduku lenye vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze, njuga na sauti za watu. Katika ya tatu ninasikia pia gitaa na mitambo ya studio, na wakati mwingine inanibidi nisubiri ili nimpate mzee mwenyewe.

Swali langu ni hili: tunapomsikiliza Zawose, je, tunasikia mapokeo ya Wagogo kama yalivyo, au tunasikia utunzi wa mtu mmoja aliyeyachukua mapokeo hayo akayafanyia jambo jipya? Rafiki yangu mmoja, ambaye hubisha hata saa ya ukutani, anasema kuwa Zawose alikuwa mwimbaji wa sera ya utamaduni ya wakati wa Mwalimu Nyerere, kisha akageuka kuwa mwimbaji wa soko la Ulaya, na kwamba Mgogo halisi hayumo katika rekodi yoyote kati ya hizo. Sikukubaliana naye, lakini sikuwa na hoja ya kumjibu.

Naomba kuwasilisha.

Mgogo wa Ubungo

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa swali hili, kwa sababu ni nadra kuona jina la mzee huyu likitajwa hapa bila mtu kulifuatisha na utani juu yetu sisi Wagogo. Utani naukubali, kwa kuwa watani wetu ni wengi, lakini leo tuzungumze muziki.

Nimezaliwa upande wa Chamwino, na mambo haya niliyakuta nyumbani kabla sijayakuta kwenye santuri. Jambo la kwanza analopaswa kulifahamu mgeni ni kwamba kwetu wimbo ni mali ya kundi. Nyimbo kama nindo na msunyunho huimbwa na watu wengi, mmoja akianzisha na wengine wakipokea, na wanaopokea hawaimbi sauti moja: wapo wanaokaa chini, wapo wanaokaa katikati, na wapo wanaoruka juu kabisa kwa sauti nyembamba, kila mmoja akijua mahali pake bila kupangwa na mwalimu wa kwaya. Mheme nao ni ngoma ya wanawake, ambao hubana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa mikono huku wakiimba. Ukiwahi kusikia kwaya za makanisa ya Dodoma na ukajiuliza mpangilio ule wa sauti umetoka wapi, usidhani wote umetoka kwenye kitabu cha nyimbo. Sehemu kubwa ilikuwapo kabla ya kitabu.

Ilimba na zeze ni habari nyingine. Hizo ni ala ambazo mtu anaweza kuzipiga akiwa peke yake, amekaa, akisimulia ya njaa, ya mvua iliyochelewa, au ya jirani asiyesalimia. Sasa msikilize Zawose kwa makini. Anaanza kwa sauti nzito inayokwaruza kama inatoka kifuani, kisha ghafla anapanda hadi sauti nyembamba ambayo mtu asiyemjua angeapa kuwa ni ya mwanamke, na katikati anajipokea mwenyewe, yaani anaanzisha na kuitikia. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, kwa maoni yangu. Alilichukua kundi zima la kijijini akalihamishia kwenye koo lake na kwenye vidole gumba vyake viwili. Mapokeo aliyakuta, lakini uhamisho huo ni utunzi wake, na sijui mpiga ilimba mwingine aliyeufikisha pale alipoufikisha yeye.

Hata ilimba yenyewe aliikuza. Aliyokuwa akiipiga ilikuwa sanduku kubwa lenye vipande vingi vya chuma, kiasi kwamba vingine vilikuwa havipigwi kabisa; kazi yake ilikuwa kuitikia tu, yaani kutetemeka vyenyewe pale vipande vya jirani vinapopigwa. Kwa hiyo hata ndani ya sanduku kulikuwa na kiongozi na waitikiaji.

Kwa faida ya wengine, neno chibite kwa Kigogo maana yake ni twende.

Fundi wa Sauti

Mgogo wa Ubungo ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa masafa ya sauti, kwa kuwa ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Uzi mmoja unapotekenywa hautoi sauti moja. Juu ya ile unayoisikia waziwazi zipo nyingine zinazopanda kwa mpangilio maalumu: ya pili ina kasi maradufu ya ya kwanza, ya tatu mara tatu, na kuendelea hivyo hivyo. Wataalamu walioutafiti muziki wa Wagogo, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, walionyesha kuwa ngazi ya sauti wanayoitumia inafuata mpangilio huo wa asili, hasa kuanzia sauti ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Jambo hili lina matokeo makubwa studioni. Sauti ya saba katika mpangilio huo haipo kwenye kinanda. Iko chini ya sauti ya kitufe kinachoikaribia kwa takribani theluthi moja ya nusu toni, yaani ya umbali kati ya kitufe na cha jirani yake, tofauti ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa sikio. Msikilizaji aliyezoea kinanda hudhani kuwa mzee anateleza, ilhali aliyeteleza ni kinanda, kilichorekebishwa na binadamu ili kiweze kupiga katika funguo zote.

Jambo la pili ni ule mvumo unaofanana na nyuki. Kwenye tundu la ilimba hubandikwa utando mwembamba unaotokana na nyumba ya mayai ya buibui, nao hutetemeka kila chuma kinapolia. Nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kurekodi mpiga ilimba, na nikapoteza saa nzima nikibadilisha waya na vipaza sauti nikitafuta hitilafu, mpaka mwenye ala, ambaye alikuwa amenyamaza kwa adabu, akanionyesha tundu. Tangu siku hiyo siguswi na mtu anayeita mvumo ule kelele.

Sasa kuhusu Assembly. Brook hakuwa mgeni wa kazi za namna hiyo, kwani alikuwa amekwisha kufanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan katika Mustt Mustt ya mwaka 1990, na ndiye aliyebuni gitaa linaloweza kushikilia sauti moja bila kukatika. Gitaa la namna hiyo lina faida kwa Zawose, kwa sababu halimlazimishi kufuata kodi za kinanda. Linamtandikia mkeka naye anakaa juu yake. Lakini kuna mahali mkeka umekuwa mzito kuliko mgeni. Panapotokea hivyo, ilimba inageuka pambo, na mvumo wa buibui unafunikwa na mvumo wa mitambo. Ningekushauri uisikilize Assembly baada ya kuizoea Chibite, ambamo yupo na mpwa wake Charles Zawose na hakuna cha kuwafunika.

Mzee wa Mbagala

Wanangu, mnijie taratibu kidogo kwenye hilo la mwimbaji wa sera.

Huyo rafiki asiyeacha kubisha ana ukweli nusu. Mwalimu alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alieleza katika hotuba yake kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya kuwafanya taifa. Sisi tuliosoma shule za mkoloni tunakumbuka ngoma zilivyodharauliwa. Mtoto aliyejua kucheza dansi la kizungu alionekana ameendelea, na aliyejua ngoma za babu yake alionekana bado yuko porini. Katika hali hiyo ndipo Zawose alipoitwa Dar es Salaam kutoka Dodoma, Mwalimu akiwa ameusikia ufundi wake, na ndipo alipokutana na wapiga ngoma wa makabila mengine. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, hicho tunachokiita TaSUBa tangu 2007, maisha yake yakahamia huko Bagamoyo, na huko ndiko alikofia Desemba 2003.

Ni kweli aliimba Kiswahili na aliisifu nchi. Lakini mwimbaji wa asili aliyewahi kukaa bila kumsifu mtu yeyote ni nani? Malenga wa pwani waliwasifu masultani, na hatusemi kuwa tungo zao si tungo. Mimi nadhani wito huo wa Dar es Salaam ulimpa kitu ambacho kijiji kisingempa: hadhira isiyojua Kigogo. Mtu anayeimba mbele ya wasioelewa maneno hulazimika kuifanya sauti yenyewe iseme. Hapo namuunga mkono kijana wa Ubungo kuhusu koo lile, ila nasema halikukuzwa na Chamwino peke yake.

Binti wa Makumbusho

Shikamoo mzee. Hoja yako imenisaidia kuona jambo ambalo wachangiaji wote mmelipita.

Mmesema kuwa alilihamishia kundi kwenye koo lake, hata akaimba kwa sauti inayodhaniwa ya mwanamke. Vizuri. Lakini wanawake wenyewe walikuwapo jukwaani wakati huo, nyuma yake, wakipiga mheme na kuitikia, na hakuna aliyeuliza kama nao wana nyimbo zao. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao Maisha mwaka 2024, kwa jina la The Zawose Queens na kwa Real World ileile, na humo wanawake ndio wanaoongoza na ndio wanaotunga. Niliisikiliza kwanza nikitafuta sauti ya mzee. Baadaye nikagundua kuwa nilikuwa ninasikiliza vibaya. Waitikiaji wametoka nyuma wakaja mbele, basi. Tena kwa sikio langu mpangilio wa sauti pale uko karibu zaidi na kundi alilolieleza Mgogo wa Ubungo kuliko rekodi nyingi za mzee, kwa sababu koo limerudi kuwa makoo.

Mwanawe Msafiri naye ana njia yake. Uhamiaji, ya mwaka 2017, ameichanganya na midundo ya mitambo, na wapo wanaoilaumu kwa hilo. Sioni kwa nini baba asifiwe kwa kuikuza ilimba na mtoto alaumiwe kwa kuongeza umeme.

Mgogo wa Ubungo

Binti wa Makumbusho, umenikamata na ninakubali. Mama yangu alikuwa mpiga mheme, nami nimeandika aya kadhaa nikawataja wapiga mheme kwa sentensi moja.

Kwa mzee wangu wa Mbagala nina nyongeza ndogo tu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita kwetu na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950, na baadhi ya alichokichukua kinapatikana hadi leo. Ukisikiliza ilimba na zeze za wakati ule utaona kuwa ufundi ulikuwapo, tena mkubwa, kabla ya wizara na kabla ya Real World. Kilichokuja baadaye ni jukwaa. Nawashauri mlinganishe, kwa sababu bila rekodi za zamani tutaendelea kubishana juu ya kilichoongezwa bila kujua kilichokuwapo.

Na anayetaka kusikia kwa masikio yake, treni ya mwendokasi inafika Dodoma kwa chini ya saa nne. Zamani udhuru wa umbali ulikuwa na nguvu.

Mkazi wa Tabata

Nawashukuru nyote, na hasa mzee wa Mbagala kwa kunipa jibu ambalo rafiki yangu hatalipenda.

Jana usiku nilifanya jaribio. Binti yangu ana kinanda kidogo cha kujifunzia. Nilifungua Chibite, nikasubiri sauti moja ambayo Zawose huirudia rudia akiwa anashuka kutoka juu, nikamwomba binti yangu aitafute. Akabonyeza kitufe kimoja, akasema iko chini. Akabonyeza cha jirani, akasema iko juu. Akarudia mara nne au tano, kisha akanitazama na kusema, "Baba, huyu babu anaimba katikati ya vitufe."

Kwa hiyo Fundi wa Sauti, nina swali la mwisho kwako: je, kuna namna ya kukirekebisha kinanda cha kawaida ili kiifikie sauti hiyo, au nimtafutie mtoto ilimba?

Fundi wa Sauti

Vinanda vingi vya kisasa vina sehemu ya kushusha sauti kidogo kidogo, lakini katika vile vidogo huwa inashusha vitufe vyote kwa pamoja, hivyo utaipata hiyo moja na kuzipoteza nyingine. Mtafutie ilimba. Kila chuma hurekebishwa peke yake: ukikivuta mbele, sehemu inayotetemeka inakuwa ndefu na sauti inashuka, ukikirudisha nyuma, inapanda. Panda basi la Bagamoyo pale Makumbusho asubuhi, uulizie mafundi wa ala karibu na TaSUBa, na uende na mtoto mwenyewe ili aijaribu kwa vidole vyake kabla hujalipa.