Sekunde ya nyongeza: ifutwe sasa au tusubiri hadi 2035?

Mleta mada

Wakuu, natunza seva miaka mingi sasa, na jambo hili limenikaa rohoni. Naomba tulijadili kwa hoja.

Tangu 1972 saa ya dunia, UTC, imeongezwa sekunde moja moja mara 27, kwa sababu mzunguko wa dunia hauendi sawasawa na saa za atomu. Mara ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016. Nyongeza hiyo huwekwa saa sita usiku ya UTC, kwa hiyo kwetu Afrika Mashariki inaangukia saa tisa usiku: 02:59:59, halafu 02:59:60, ndipo 03:00:00. Anayetangaza ni IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa dunia, kutoka Paris, tena kama miezi sita tu kabla. Ukiandika programu leo, huwezi kujua mwaka 2030 utakuwa na sekunde ngapi.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 1 Julai 2012, nilikuwa zamu. Saa tisa ilipopita tu, feni za mashine zikaanza kuvuma zote kwa pamoja. Prosesa ziko asilimia 100, programu za Java zimeganda. Tukazima huduma na kuziwasha upya, wapi! Alfajiri mwenzangu akapata dawa: unaiamuru Linux, mfumo unaoendesha seva zetu, ijiwekee saa ileile iliyo nayo, `date -s "$(date)"`. Feni zikatulia. Kumbe vipima muda vya ndani ya Linux havikujulishwa kuwa saa imerudishwa sekunde moja ili kuipisha nyongeza, basi kila programu iliyoomba kuamshwa baadaye kidogo ikawa inaamshwa papo hapo, tena na tena.

Usiku huohuo mtandao wa Reddit ulianguka, na kule Australia abiria wa shirika la ndege la Qantas walikwama kwenye foleni. Mwaka mpya wa 2017 ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni inayohudumia tovuti nyingi: programu yao iliamini muda haurudi nyuma, ikakuta namba hasi, ikaanguka.

Novemba 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba ifikapo 2035, au kabla, tofauti kati ya UTC na mzunguko wa dunia iachwe ikue. Msimamo wangu: iwe kabla.

Mpima ardhi

Pole kwa usiku huo, mkuu. Ila naona unaihukumu sekunde kwa kosa la waandika programu. Pale ikweta, Nanyuki kwa mfano, ardhi inasogea mita 465 hivi kwa kila sekunde. Anayeelekeza darubini kwenye nyota hawezi kulipuuza hilo. Satelaiti za Urusi za kuonyesha mahali, GLONASS, zinafuata UTC pamoja na nyongeza zake; kuzibadilisha kunataka miaka.

Halafu kuna jambo la kwetu. Mswahili anahesabu saa kwa jua: likichomoza, saa moja inakaribia. Mkiikata kamba kati ya saa na jua, mtoto wa kesho atauliza saa moja ya nini.

Mleta mada

Hoja ya jua naiheshimu, ila hebu tuipime. Dar na Kigoma saa zao zinasoma sawa, na jua linawapishana karibu dakika 39. Hakuna aliyelalamika. Tofauti inayotarajiwa tukiacha kuongeza sekunde ni kama dakika moja kwa karne nzima. Wa darubini nao hawaachwi gizani, maana IERS itaendelea kutangaza dunia imezunguka kiasi gani, nao watajumlisha wenyewe. GPS haijawahi kuongeza sekunde tangu ilipoanza kuhesabu 1980, leo iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na wewe mwenyewe unaitumia shambani kila siku.

Mwalimu wa fizikia

Mnajadili nyongeza, mimi naogopa punguzo. Miaka ya karibuni dunia imekuwa ikizunguka kwa kasi kuliko zamani. Mtafiti Duncan Agnew aliandika katika jarida la Nature mwaka 2024 kwamba huenda tukalazimika kuondoa sekunde karibu na 2029, na kwamba bila barafu ya ncha za dunia kuyeyuka na kupunguza kasi hiyo, siku hiyo ingekuja mapema zaidi. Yaani :58 inafuatwa na :00. Haijawahi kufanyika. Kama kuongeza, tulikokuzoea miaka 40, kuliangusha seva za mleta mada, hili ambalo halijajaribiwa hata mara moja je? Kwa hiyo naunga mkono: kabla ya 2035.

Mleta mada

Umelisema lililokuwa linaninyima usingizi, mwalimu. Na kuna jingine. Google hawaweki :60, wanaitandaza sekunde hiyo kwa saa 24, mchana hadi mchana. Saa sita usiku ya UTC saa yao inapishana na ya wengine kwa nusu sekunde. Seva moja ikichukua saa Google na jirani yake kwingine, muamala uliotangulia unaweza kuandikwa wa pili, na mteja akaambiwa salio halitoshi.

Wenye seva za Linux, andikeni `chronyc sources`, amri inayoonyesha seva inachukua saa wapi, kwenye kila moja, mtuambie hapa: ni wangapi mmekuta vyanzo vimechanganyika?