Nafunga injini kwenye Phoenix ya inchi 28, sproketi ya meno 36 au 44? Na breki je?

mzigo_asubuhi
Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, nachukua maziwa Kibosho asubuhi nashusha mjini, madumu mawili ya lita 20 kwenye keria. Baiskeli ni Phoenix ile ya inchi 28 yenye breki za vyuma. Kushuka hakuna shida sana ila kurudi juu nasukuma tu, magoti yamechoka. Nimepata seti ya injini ile ya kuchanganya petroli na oili, imeandikwa 80cc, imekuja na sproketi (duara la meno la cheni) ya nyuma ya meno 44, cheni yake na zile raba za kuibana sproketi kwenye spoku. Duka jingine wana ya meno 36 wanasema hiyo ndo inakimbia. Niweke ipi? Halafu kuna fundi anasema atanichomelea kishikio cha breki ya diski kwenye foku hii hii ya Phoenix kwa bei poa. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

gia_ya_babu
Mkuu kwanza hiyo siyo 80cc, hizo seti zinaandikwa 80 ila ndani ni kama 66, usije ukaipa kazi ya bodaboda.
Sproketi piga hesabu hivi: ndani ya injini kuna gia zinapunguza mzunguko kama mara 4.1, sproketi ndogo ya mbele ina meno 10, kwa hiyo ukiweka 44 nyuma jumla inapungua mara 18. Injini ikizunguka 5000 kwa dakika tairi lako linazunguka kama 277, na tairi la 28 mzunguko mmoja ni karibu mita 2.2, unapata kilomita 36 na kitu kwa saa. Ukiweka 36 kwa mzunguko huo huo unafika 45, ila hiyo ni kwenye karatasi, kwa mlima wa Kibosho hutafika popote maana umetupa karibu moja ya tano ya nguvu ya kuvuta na klachi ndo italia. Weka 44 ulale usingizi. Kama utapata hata ya 50 chukua, utaenda 32 hivi lakini utapanda umekaa.

spoku_arobaini
Naunga mkono 44, ila mzigo_asubuhi kabla hujafika huko hesabu spoku za tairi la nyuma. Zile raba zina bolti 9, zimetengenezwa kwa tairi la spoku 36, yaani kila bolti na spoku zake nne. Baiskeli nyingi za muundo wa zamani zina 32 mbele na 40 nyuma. Kwenye 40 bolti hazikai kwenye nafasi zake, watu wanalazimisha wanapindisha spoku kwa koleo, sproketi inakaa upande, inazunguka inayumba kama sahani ya mtoto na cheni inaruka. Na kumbuka sproketi ya injini imefungwa moja kwa moja na tairi, haina friwili kama ile ya pedali upande wa kulia. Cheni ikiruka ikajikunja kwenye spoku tairi linajifunga hapo hapo, hata ukibana klachi haisaidii kitu.

mzigo_asubuhi
Duh nimetoka kuhesabu sasa hivi, ni 40 kweli. Sasa si niweke cheni ya boda iwe imara zaidi?

spoku_arobaini
Hapana mkuu. Cheni ya hiyo seti ni saizi 415, ya boda nyingi ni saizi 428. Urefu wa pingili ni ule ule nusu inchi ndo maana inadanganya, inakaa vizuri ukiiangalia kwa ubavu, ila ya boda ni pana sana, kwenye jino jembamba la 415 inacheza huku na huku. Tafuta 415 yenye sahani nene. Kinachoua cheni hizi siyo wembamba, ni kutonyooka. Simama nyuma ya tairi uangalie sproketi ndogo na kubwa, ziwe kwenye mstari mmoja kabisa, ukikosa sogeza injini, usitegemee kile kigurudumu cha kukazia cheni kikunyooshee. Kile kigurudumu chenyewe ni balaa, kinashikwa na kibano kwenye bomba la fremu, mtikisiko ukilegeza kibano kinageuka kinaingia kwenye spoku. Kama cheni inaweza kukazwa kwa kukata pingili na kuvuta tairi nyuma, kitupe kabisa.

Mama Karanga
mi nimekuja kusoma tu ila hakuna mtu amejibu habari ya breki, mtu anashuka Kibosho na lita 40 mnaongelea cheni

fundi_wa_kona
Mama umesema kweli, na hapo ndo pa kuanzia. Piga uzito: maziwa kilo 41, wewe tuseme 65, baiskeli na injini 35, uko kwenye kilo 140 na bado hujahesabu madumu. Breki za vyuma zinavuta raba juu kwa ndani ya rimu ya chuma, ikinyesha mvua unavuta unahesabu mpaka tano ndo unasikia kitu. Ukienda kilomita 36 kwa saa badala ya ile 18 uliyozoea, kazi ya breki kukusimamisha ni mara nne, siyo mara mbili. Na yule anayekuuzia meno 36 hakuambii kwamba kilomita 45 inadai zaidi ya mara moja na nusu ya hiyo tena.

Kuchomelea diski kwenye foku ya Phoenix kataa hata akikufanyia bure. Diski inasukuma mguu mmoja tu wa foku, wa kushoto, na bomba lile ni jembamba, moto wa welding unalidhoofisha pale pale linapohitaji nguvu. Zaidi ya hapo kaliipa (kile kinachobana diski) ikibana inaisukuma ekseli itoke chini kwenye mdomo wa foku, kwa hiyo nati lazima zikazwe vizuri na washa za kulabu. Usifikirie pia kununua foku ya MTB (baiskeli ya milimani) uchomeke humo, shingo yake kwa kawaida ni nene, haiingii. V-brake (za kubana rimu ubavuni) nazo sahau, rimu yako haina ubavu ulionyooka wa kushikwa.

Ningekuwa mimi hiyo Phoenix naiacha ibebe maziwa kwa pedali au naiuza, natafuta MTB ya mtumba ya inchi 26, fremu ya chuma siyo alumini, maana vibano vya injini vimetengenezwa kwa bomba jembamba. Foku iwe na masikio ya kufungia diski tangu kiwandani. Mbele diski ya waya ya milimita 160, ya waya siyo ya mafuta, waya ukikatika unapata popote. Nyuma V-brake, tairi la spoku 36. Mbele ndo penye breki ya kweli, ukikamata uzito wote unakuja mbele hata kama mzigo uko nyuma. Na tairi la 26 lina mzunguko mdogo, na meno 44 utapata kilomita 34 kwa saa hivi, mlima unazidi kuwa rahisi.

gia_ya_babu
Naongeza moja la kushuka. Oili ya injini hii inaingia na petroli, ukifunga mafuta kabisa mteremko mrefu huku klachi imeshika, injini inazungushwa na tairi bila oili ya kutosha. Bana klachi, ile lever ina kitufe cha kuifungia, iache injini isailensi (izunguke taratibu bila kuzimika), ushuke kwa breki. Kwa hiyo usitegemee injini ikusaidie kusimama.

mzigo_asubuhi
Asanteni sana wakuu, na mama pia. Fundi nimemwambia aache. Kuna MTB naijua Majengo ina foku yenye masikio ila mbele wameweka tairi la habu ya kawaida, haina matundu ya diski. Nabadilisha habu au tairi zima?

fundi_wa_kona
Tairi zima, habu ya matundu 6. Kusuka spoku upya hapo mjini utalipa karibu sawa na utapoteza siku. Nenda na foku ujaribu kabla hujalipa, angalia diski isiguse mguu wa foku ikizunguka.