Okidi yangu ya dirishani imeanza kuwa manjano, niitupe ama?

BintiTudor:
Assalam aleikum wapenda maua. Nina okidi niliyoletewa na wifi yangu kutoka Nairobi mwezi wa kwanza, ilikuja na maua meupe mashallah, kila mgeni aliyeingia lazima aipige picha. Tuko flati gorofa ya tatu huku Tudor, Mombasa, nimeieka dirisha la sebuleni linaloangalia magharibi kwa sababu hapo ndo penye mwanga. Maua yalikaa miezi miwili yakaanguka, sawa, sikujali. Lakini sasa majani mawili ya chini yamekuwa manjano, moja la juu lina doa kavu kama lililochomwa na pasi, halafu kuna mizizi imetoka nje ya chungu yaning'inia kama minyoo na mama mkwe asema niikate yamtia kinyaa. Maji naipa kikombe kila asubuhi, sijaruka hata siku moja, na hata kile kimkebe cha plastiki ilichokuja nacho nlikitupa nikaipanda kwa chungu kizuri cha udongo na mchanga mweusi wenye samadi. Nimekosea wapi jamani?

KijanaKongowea:
Dada hapo ulikuwa huimwagilii, waizamisha 😂 pole. Usitupe kwanza, ngoja wazee waamke.

MzeeWaMiche:
Mwanangu, zile zinazouzwa madukani karibu zote ni Phalaenopsis, kwao ni misitu ya Ufilipino na Indonesia huko, na haziishi ardhini, huishi juu ya miti. Si kwamba zaunyonya mti, la, zimeushika tu, mizizi iko nje yapigwa na upepo, mvua ikinyesha yalowa ikiacha yakauka. Sasa wewe umeichukua hiyo ukaifukia kwa mchanga na samadi, itapumua na nini? Hiyo minyoo ya mama mkwe ndiyo mizizi mizima uliyobaki nayo kwa hivyo usiikate! Itizame vizuri, ikiwa rangi ya fedha ina kiu, ikilowa hugeuka kijani, basi hiyo ndiyo saa yako, wachana na habari ya kila asubuhi. Kwa hali yetu ya hewa mara moja kwa siku tano mpaka saba yatosha, mwaga maji mengi yapite chini yatoke yote, na yasituame pale katikati ya majani maana hapo huoza siku mbili tu.

Leo itoe, osha mizizi, ule ulooza utaujua, ukiubinya watoa maji wabaki uzi. Kata huo kwa mkasi uliopanguswa na spiriti. Kisha irudishe kwa mkebe wa plastiki unaoonyesha ndani, toboa matundu, ujaze vipande vya makumbi ya nazi ukubwa wa tende na makaa kidogo. Mchanga usirudi kabisa.

Lile doa ni jua la saa tisa, dirisha la magharibi Mombasa ni tanuri. Hamisha dirisha la mashariki au tia pazia la neti. Na ukisoma ushauri wa watu wa Ulaya kuhusu dirisha la kusini na kaskazini usiufuate, wao jua lao liko upande mmoja mwaka mzima, sisi tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, mwezi wa sita lapiga kaskazini, mwezi wa kumi na mbili lapiga kusini.

MamaWaNyali:
Mzee yote sawa ila makumbi hukumalizia. Makumbi ya huku pwani yana chumvi, mimi nliua mbili hivohivo nikalaumu aliyeniuzia. Loweka siku tatu na kila siku umwage hayo maji utie mengine. Na shoga yangu, maji gani hayo watumia? Kama ni ya kisima ya mikokoteni basi hata ungeipanda vipi ingekufa tu, utaona ukoko mweupe pembeni mwa chungu, hiyo ni chumvi. Tafuta maji matamu, au kinga ya mvua, mwezi wa tano huu madebe hujaa bila hata kuomba.

BamburiKijani:
Nisikudanganye lakini, itapona na maua isikupe. Hii joto likizidi digrii 28 mchana siku zote yatoa majani tu, ndo maana Taiwan wakulima huzipandisha milimani zipate baridi ndo zitoe shina la maua. Bahati yako ni mwezi wa saba na wa nane, kusi ikivuma. Mimi nliilaza chumba chenye AC kama mwezi hivi na ikatoa.

MzeeWaMiche:
Na token za stima ukanunua ngapi kwa ua moja? 😄 Akitaka maua ya huku achukue Dendrobium ama Vanda, hizo joto ndo raha yao, japo Vanda yataka jua jingi, dirisha halitoshi. Na tunazo zetu pia, Ansellia ile ya manjano yenye madoa ya chui huota juu ya miti huku pwani. Ila msiende kubandua porini, okidi zote duniani ziko chini ya CITES, ule mkataba wa nchi nyingi wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na ile ya porini ukiileta nyumbani aghalabu hufa.

BintiTudor:
Shukran nyote. Nimeitoa, mizizi mizima ni minne, mitatu kati yake ni ile ya nje 🙈 na maji ni ya mkokoteni kweli. Makumbi nshaloweka. Shida ni moja, dirisha la mashariki nyumba nzima ni la chumba cha mama mkwe. Nimemuomba, amesema iingie lakini ile minyoo iangalie nje.