Hungduan, Ufilipino: nani anatunza maji na kuta za mashamba ya ngazi?

Mwalimu wa Same
Wanajukwaa, habari zenu. Ninafundisha jiografia kidato cha tatu, na kwa mada ya kilimo cha milimani nimechagua mashamba ya ngazi ya Ifugao, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, hasa manispaa ya Hungduan, kwa kuwa vitabu vingi huishia Banaue wanakofikia wageni. Wanafunzi walipoona picha, mmoja aliuliza swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandaa: maji yakitoka shamba la juu na kuingia la chini, ni ya nani? Halafu neno manispaa linawachanganya, maana kwao manispaa ni Moshi au Morogoro. Naomba mwenye ufahamu anieleze watu wa huko wanaishije pamoja na mambo yao yanaendeshwaje.

Afisa Mipango Mstaafu
Mwalimu, nianze na hilo neno. Manispaa ya Ufilipino si lazima iwe mji. Ni eneo lenye meya na baraza la kuchaguliwa, na ndani yake mnaweza kuwa na mabonde na vijiji tu, pamoja na makao madogo yanayoitwa poblacion. Ifugao, iliyofanywa mkoa wa peke yake mwaka 1966, ina manispaa 11, nazo barangay za Hungduan ni 9. Barangay ndiyo serikali iliyo karibu na mlango wa mwananchi: ina mwenyekiti, madiwani 7 na kiongozi wa vijana, wote wakichaguliwa kwa kura. Tena tangu mwaka 1978 sheria inataka magomvi mengi ya majirani yapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la barangay kabla ya kufika mahakamani. Waambie wanafunzi kwamba ugomvi wa mfereji husikilizwa kwanza na watu ambao wameuruka mfereji huo tangu utotoni.

Msafiri wa Tanga
Mimi nilikaa siku nne Hapao, mojawapo ya barangay za Hungduan, mwezi wa Februari wakati wa kupandikiza miche. Kilichonishangaza zaidi ya urefu wa ngazi ni sauti: usiku kucha unasikia maji yakidondoka kutoka jaruba hadi jaruba, na mwenyeji wangu alisema kwamba sauti ikibadilika, mtu huamka kwenda kuangalia.

Maji hayo yanaanzia msituni. Juu ya mashamba kuna vipande vya msitu viitwavyo muyong, ambavyo kila ukoo hutunza chake, hukata kuni na miti ya kujengea humo, na haukiachi kiwe kipara, kwa sababu mizizi ndiyo inayoshika mvua na kuiachia polepole. Kutoka hapo mfereji huleta maji kwenye jaruba la juu kabisa, nalo likijaa hufurika kupitia tundu lililoachwa kwenye tuta, likalisha la chini yake. Basi jibu la yule mwanafunzi ni kwamba maji hayakai kwa mtu mmoja, bali kila mwenye shamba ni njia ya maji ya jirani yake. Akiliacha jaruba likakauka, udongo hupasuka, ukuta hulegea, na mvua kubwa ikija humwangushia mawe aliye chini.

Kuta za Hapao ni za mawe. Niliwaona wanaume wawili wakiziba pengo lisilozidi mita tatu: mmoja aligeuza kila jiwe mkononi mara mbili tatu kabla ya kuliweka, na mwenzake akashindilia changarawe nyuma yake, bila saruji hata kidogo. Kazi ya namna hiyo na ya kupandikiza hufanywa kwa ubbu, yaani leo kwako, kesho kwangu, na siku unayodaiwa hailipwi kwa fedha. Sisi watu wa Tanga tunaujua msaragambo, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana.

Mpunga wao wa asili huitwa tinawon, maana yake wa mara moja kwa mwaka. Mavuno yakiisha, watu wa Hapao, Baang na Nungulunan hushuka mtoni kuvutana kwa mti wenye ndoano, mchezo wa ibada uitwao punnuk, unaofunga mwaka wa kilimo. UNESCO iliutambua mwaka 2015 pamoja na michezo ya kuvutana ya Kambodia, Korea na Vietnam.

Mwalimu wa Same
Ahsante sana, ndugu yangu. Sasa urithi je? Huku Upareni shamba likigawanywa kwa watoto sita, kila mmoja hubaki na kipande kisichomlisha.

Mtafiti wa Udongo
Mwalimu, desturi ya Waifugao ilikuwa tofauti: mashamba ya mpunga hayakukatwakatwa, na mtoto wa kwanza, awe wa kike au wa kiume, ndiye aliyepewa sehemu kubwa na bora. Ukuta ukabaki na mwenyewe anayejulikana, lakini wadogo zake wakalazimika kutafuta maisha kwingine. Hivi sasa hata wa kwanza wanaondoka kwenda Baguio, Manila na ng'ambo, na nadhani hapo ndipo penye kidonda chenyewe. UNESCO iliyaweka mashamba ya Ifugao katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2001 na kuyaondoa mwaka 2012. Minyoo mikubwa ya ardhini inayotoboa matuta ilitajwa sana, lakini mnyoo hushinda mahali ambapo hapana mtu wa kuziba tundu. Kwa darasa lako, linganisha na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na miti, vya Shimbwe Juu, Kilimanjaro, kwa kuwa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, inaitambua mifumo yote miwili kuwa urithi wa kilimo duniani.

Bi Zuhura, Maskati
Hapa kazini nina mwenzangu wa Hungduan, mtoto wa kwanza kwao. Mashamba ni yake, binamu yake ndiye anayelima na wanagawana mavuno, na yeye hutuma fedha ukuta ukianguka. Mwezi uliopita alinionyesha picha ya ukuta uliojengwa upya: mawe mapya yalikuwa meupe, na ya kando yake yamefunikwa na ukoga wa kijani. Alikuza picha kwa vidole viwili, akayahesabu mawe meupe moja moja.