Naombeni ushauri: wanataka nibebe mwakenya kwa sababu mimi ni wa YCS

Binti wa Lurambi
Tumsifu Yesu Kristo. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huku Kakamega. Sasa tuko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula na simu ni ya mama. Shuleni mimi ni katibu wa YCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki. Nasali rozari kitandani kabla ya taa kuzimwa, na kabla ya kula nafanya ishara ya msalaba. Wapo wenzangu wanaoniambia sijaokoka, eti sala za kukariri hazifiki popote. Hilo nimelizoea.

Linaloninyima usingizi ni hili. Marafiki zangu wa tangu kidato cha kwanza wanataka niwabebee mwakenya, yaani vikaratasi vya kuibia mtihani, ya Kemia na Hisabati kwenye mtihani wa mwisho wa muhula. Walimu wakipekua watu mlangoni, mimi hunipitisha tu. "Nani atamshuku mtu wa rozari?" Hawataki niitumie, wanataka niibebe tu, niwagawie tukishaketi. Nikikataa, nitaitwa msaliti anayejifanya mtakatifu. Nikimwambia diputi, naibu wa mwalimu mkuu, wanaweza kufukuzwa, na mmoja wao ni yatima anayesoma kwa basari. Nifanyeje?

Na jambo jingine dogo: Kwaresima, siku yetu ya nyama huwa ni Ijumaa. Niile?

Mwalimu wa Sirisia
Milele na milele, amina. Binti yangu, mitihani nimeisimamia miaka mingi. Kataa mara tu mkirudi shuleni, usingoje asubuhi ya mtihani. Ukiwageuka mlangoni wakati wamekutegemea, hapo ndipo uadui unapozaliwa. Ukiwaambia mapema, wana wiki za kusoma. Usiwahubirie. Sema "sibebi, ya mtu yeyote," kisha zungumzeni mengine.

Hilo neno "kubeba tu" lisikudanganye. Anayebeba ameshiriki. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, baraza la mitihani KNEC hufuta matokeo ya waliodanganya, na nimewaona waliozoea karatasi kidato cha tatu wakitetemeka kidato cha nne kwa sababu hawakuwahi kusoma. Tena mwalimu anayekupitisha bila kukupekua amekuwekea amana. Amana ya mtu haiazimwi.

Jamaa wa Nyalenda
Salamu kutoka Kisumu. Mwalimu amesema kweli, ila kukataa ni nusu ya kazi. Mimi nililelewa na YCS, na ule utaratibu wetu wa "ona, amua, tenda" bado naishi nao. Chimbuko lake ni padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyeutumia na vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII akaupendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961. Mkutanoni tunausema haraka haraka kisha tunaenda kula. Sasa umepata mahali pa kuutumia.

Anza kwa kuona. Kwa nini Kemia? Nadhani ni hesabu za moli, maana hapo kidato cha tatu ndipo wengi huzama, na wanaona aibu kumwuliza mwalimu. Waulize wenyewe, bila kuwahukumu. Huyo yatima labda anaogopa alama zikishuka basari itakatwa. Ukishajua, keti nao wakati wa preps, saa za kujisomea, mfanye karatasi za miaka iliyopita, swali kwa swali. Kama wewe mwenyewe huelewi, tafuteni anayeelewa. Wataudhika siku kadhaa, lakini wakikuona umerudi na daftari watajua hukuwakataa wao.

Mama Njoro
Niko Nakuru, nina binti wa rika lako. Napingana kidogo na hao wawili. Ukikataa wewe, watampa mwingine. Kwa hiyo nenda kwa mlezi wenu wa YCS, bila kutaja jina la mtu, umwombe kitu kimoja: kila mtahiniwa apekuliwe, na wewe uwe wa kwanza. Mlango wenyewe ndio wenye tatizo. Hapo hujamchoma mtu, na hakuna atakayeitumia tena rozari yako kama kificho.

Mtakatifu Carlo Acutis alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Darasani alijulikana kwa kuwatetea waliochekwa. Kwa hiyo wakikununia, wewe usimnunie huyo yatima.

Kuhusu nyama: Kanisa linatutaka tujinyime nyama Ijumaa za Kwaresima kuanzia miaka 14. Kufunga ndiko huanza miaka 18, kwa hiyo usikose chakula ukidhani umeamriwa. Kula ugali na mboga, nyama mpe jirani wa mezani. Kama imepikwa pamoja na mboga na hakuna kingine, mwulize padri wenu mapema. Hakuna anayekutaka uingie darasani na njaa.

Mtoto wa Kaimosi
Mimi ni wa Friends, kanisa la Quaker, na shuleni nilikuwa CU, umoja wa wanafunzi Wakristo wa Kiprotestanti. Dada, wanaokuambia hujaokoka hawasemi kwa niaba yetu sote. Baba Yetu mnayokariri iko katika Mathayo 6, nasi tunaisali. Katika kikundi hicho cha Kemia mwalike mmoja wa CU. Woga wa mtihani hauulizi dhehebu.

Binti wa Lurambi
Asanteni sana, nimemsomea mama majibu yote. Tukirudi nitawaambia jioni hiyo hiyo, halafu nitamwona sista mlezi kuhusu upekuzi. Kikundi cha Kemia nitakianza, ila moli zinanisumbua hata mimi. Naogopa jambo moja tu: wakikasirika, wanaweza kuniwekea karatasi kwenye dawati ili nishikwe mimi.

Mwalimu wa Sirisia
Hofu hiyo ina msingi. Kila asubuhi ya mtihani, kabla hujaketi, mwite msimamizi, fungua dawati mbele yake akague ndani na chini. Ukiona karatasi usiishike, inua mkono. Na moli, mwende kwa mwalimu wenu wa Kemia kama kikundi. Wanafunzi wanne wakija pamoja, hatawarudisha.