Tupeane uzoefu: doriani huko Asia mlilionaje?

Wakuu, kwa Wazanzibari doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali, si geni, ila Malaysia, Thailand na Singapore wanalishabikia kama sisi na mpira. Mliosoma au kufanya biashara huko, leteni visa. Naanza mimi.

Nilisoma Kuala Lumpur. Msimu ukifika, meza za plastiki zinajaa kando ya barabara na muuzaji anakuuliza: tamu au chungu? Nikajiuliza, nani atoe hela yake anunue chungu? Kumbe wajuzi wanataka hilohilo, hasa doriani aina ya Musang King, lenye nyama ya njano iliyokolea na bei ya kukatisha tamaa. Mama mwenye nyumba, Mmalay, alinifundisha ukishamaliza utie maji na chumvi kidogo ndani ya ganda, unywe, eti linapunguza joto la mwili. Kisha unashushia mangostini, tunda la baridi kwa imani yao. Ushahidi sina, ila nilikunywa.

Baharia Mstaafu: Singapore usijaribu kupanda nalo treni, tangazo la kulikataza limebandikwa wazi. Mimi nililificha kwenye mifuko mitatu, mlinzi wa hoteli akaninusa toka mlangoni. Tukalila nje na yeye! Na mji huohuo una ukumbi wa Esplanade, uliofunguliwa 2002, wenyeji wanauita Doriani kwa vile paa lake lina miiba.

Mama Kontena: Guangzhou mie nimeona watu wakipelekeana kama zawadi. Mengi ni ya Thailand. Wathai wanayakata mtini kabla hayajaiva, ndiyo maana yanavumilia safari. Wamalay wanangoja lidondoke lenyewe, na likidondoka halikai. Yao yasiyogandishwa yameanza kuruhusiwa China 2024 tu.

Mwana wa Unguja: Wamalay wana akili. Hata kwetu bibi alikuwa hataki kusikia doriani la kuangua. Lakini ndani ya nyumba haliingii, mnalila uani.

Msomi Njaa: Mbona hakuna aliyetaja tempoyak? Ni doriani lililochachushwa kwa chumvi. Nendeni Temerloh, jimbo la Pahang, wanalipikia samaki wa mtoni anayeitwa patin, na pilipili ya kutosha. Nilimaliza sahani nikaongeza wali. Doriani lenyewe, bichi hivi hivi, bado siliwezi.